Shajara ya RU Lupi: ubao wa bawaba, kamera ya mtumba na nyota isiyotulia (Tabora, 2025)

8 Februari 2025: T Tauri na mvua

Hii ni shajara ya kupima mng'ao wa nyota changa, RU Lupi, kwa kamera ya kawaida. Naanza na kushindwa, ili atakayefuata asipoteze miezi miwili kama mimi.

Tangu katikati ya Desemba nilikuwa nawinda T Tauri. Ndiyo nyota iliyolipa jina kundi zima la nyota changa. Mwingereza John Russell Hind aliigundua mwaka 1852, miaka mitano kabla wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke hawajaingia Kaze, yaani hapahapa Tabora. Mwaka 1945 Alfred Joy wa Mount Wilson, kituo cha kuangalia nyota Marekani, akaandika kuhusu nyota 11 zenye tabia kama yake: mng'ao unapanda na kushuka bila ratiba, spektra (mwanga wake ukitawanywa rangi kwa rangi) ina mistari ing'aayo, na zote zimejibanza kwenye mawingu meusi ya vumbi. Baadaye ikaeleweka kwamba ni nyota ambazo hazijakomaa. Zinang'aa kwa sababu zinajikunja kwa uzito wake zenyewe. Haidrojeni ya kitovuni bado haijawaka, na diski ya gesi na vumbi iliyobaki tangu kuzaliwa inaendelea kuziangukia. Jua letu nalo lilipita hatua hiyo, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, ndipo likatulia kwenye mfuatano mkuu, yaani utu uzima wa nyota.

Basi nikasema nianze na mama wa kundi. Sikujiuliza mama anaishi wapi. T Tauri iko kwenye kundi la Ng'ombe, jirani na Kilimia. Na Kilimia wazee hawakuipa jina hilo kwa mapambo: ukiiona jioni imechomoza mashariki, jembe liko mkononi na mvua iko njiani. Nilichagua nyota ya masika. Katika siku 58 nilizohesabu, usiku uliokuwa wazi ni minne tu, na mmoja wapo ulikuwa na mwezi mpevu. Hiyo mingine mitatu niliitafuta kwa darubini ya mkono ya kuazima. Kwa nyota ya magnitudo 10 hivi, kwenye unyevu ule, nilichoona ni mawazo yangu.

(Kwa asiyezoea: magnitudo ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi. Jicho tupu huishia 6 hivi.)

Gharama hadi sasa: sifuri, ukitoa usingizi.

4 Mei: kubadili nyota

Mvua zimekatika. Safari hii nimegeuza swali. Badala ya kuuliza nyota ipi ni maarufu, nimeuliza: kuanzia Juni hadi Septemba, saa 2 hadi saa 6 usiku, kwa mtu aliye digrii 5 kusini mwa ikweta, nyota changa ipi iko juu na siyo hafifu mno?

Jibu ni RU Lupi, kwenye kundi la Mbwa-mwitu, kusini magharibi kidogo ya Nge. Kwa hapa Tabora inafika digrii 57 juu ya upeo wa kusini, na mwishoni mwa Juni inafika huko saa 4 na nusu usiku, wakati wa kistaarabu kabisa. Kwa mtu wa London ni kama inagusa tu ukingo wa dunia. Iko mbali zaidi ya miaka-nuru 500. Ni ya ukoo uleule wa T Tauri, ila ina fujo zaidi: inameza gesi kutoka kwenye diski yake kwa pupa, na diski yenyewe ALMA, mtambo wa darubini za redio wa kule Chile, imeipiga picha ikaonekana ina pete. Mng'ao wake mara nyingi hucheza kati ya magnitudo 10 na 12.

Kilichonishawishi zaidi ni jirani yake. Chini ya digrii moja kutoka RU Lupi kuna Eta Lupi, nyota ya magnitudo 3.4 inayoonekana kwa jicho bila shida. Yaani ukielekeza lenzi kwa Eta, umeshampata mtoto.

Vifaa: kamera Canon 1100D ya mtumba kutoka Dar, shilingi 380,000. Lenzi ya zamani ya milimita 135, ya kuzungusha kwa mkono, 90,000. Pete ya kuunganishia, 25,000. Betri ya pili 40,000 na memori kadi 18,000. Kwa lenzi hiyo pikseli moja inafunika sekunde 7.9 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600), na picha nzima digrii 9.4 kwa 6.3. Kumbukeni tarakimu hizi, tutazirudia.

17 Mei: ubao

Nyota zinahama hadi dakika 15 za pembe (robo digrii) kila dakika moja, na zilizo karibu na ncha ya anga huenda polepole zaidi. Kamera ikitulia sekunde 30, RU Lupi inachora mstari wa pikseli 45 hivi. Kwa hiyo kamera lazima izungushwe kinyume cha dunia.

Chombo rahisi kuliko vyote ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba kama kurasa za kitabu. Ubao wa chini umetulia. Wa juu unabeba kamera na kusukumwa taratibu na boliti. Hesabu ni hii: boliti ya M6 (unene wa milimita 6) ikizunguka mara moja inapanda milimita 1. Ukiizungusha mara moja kwa dakika, umbali kutoka pini ya bawaba hadi katikati ya boliti unatakiwa uwe milimita 228.5. Hapo ubao unafunguka kwa mwendo wa nyota.

Mota sikununua. Chini ya boliti nimegundisha duara la kadibodi lenye alama 60, na simu inapiga "ti" kila sekunde. Mpwa wangu Hamisi, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda tano, analala chali kwenye mkeka chini ya meza akiwa na tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, anasogeza alama moja kila "ti". Kazi hiyo inaonekana ya kijinga mpaka uifanye kwa dakika tano mfululizo. Baada ya hapo inaonekana ya kijinga na shingo inauma.

Mbao 12,000. Bawaba ndefu ya mlango 3,500. Boliti na nati 2,000. Meza ya chuma kwa fundi wa kuchomelea 35,000. Kichwa cha tripodi 30,000.

Tunapigia Kwihara, kwa shangazi yangu, nje ya mji. Kwangu Isevya taa za barabarani zinamulika hadi chumbani. Bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000.

24 Mei: kusini ni wapi

Bawaba lazima ielekee kwenye ncha ya kusini ya anga. Watu wa Ulaya huinua bawaba zao kama bunduki. Sisi ncha yetu iko digrii 5 tu juu ya upeo, kwa hiyo bawaba inalala karibu sawa na sakafu. Ubao wangu una urefu wa milimita 400. Niliulaza kwa pima maji, kisha nikaweka kipande cha mbao cha milimita 35 chini ya mwisho wa kusini. Basi. Hakuna pembe ya kupima.

Tatizo ni kusini yenyewe. Nilitumia dira ya simu juu ya meza ya chuma, kando ya nyumba ya bati. Sikuhitaji adui mwingine. Leo nimefunga timazi kwenye tawi la mwembe wa shangazi na kungoja jua lifike katikati. Kwa tarehe hii Tabora ni saa 6 na dakika 46 mchana, siyo saa 6 kamili, kwa kuwa saa yetu inafuata mstari ulio mashariki yetu. Kivuli cha uzi kikaangukia kusini halisi. Nikachora mstari wa chokaa. Dira ya simu ilikuwa imenidanganya digrii 9.

27 Mei: picha ya nane

Mwezi mwandamo, anga jeusi, hakuna wingu. Tumepiga picha 10 za sekunde 30. Kamera hii ina mpangilio wa kungoja sekunde 10 kisha inapiga picha 10 yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya rimoti.

Nyota zote zilikuwa nyuzi ndefu. Nilipopima, pikseli 90 hivi. Picha moja tu, ya nane, ilikuwa na nyuzi fupi, karibu nusu ya hizo.

Nikamuuliza Hamisi kwenye ya nane alifanya nini cha tofauti. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, nadhani ya nane nilisinzia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Picha ambayo hakuna aliyegusa boliti ilikuwa bora kuliko tulizotolea jasho. Tulikuwa tunazungusha kamera kuelekea mashariki, tunaongeza mwendo badala ya kuufuta. Maelekezo niliyofuata yameandikwa na watu wa kaskazini: simama ukitazama Nyota ya Kaskazini, weka bawaba kushoto. Huku kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo. Kwa hiyo nikageuka nikatazama kusini, kisha kwa utii mkubwa nikaweka bawaba kushoto. Kushoto kwa anayetazama kaskazini ni magharibi. Kushoto kwangu kulikuwa mashariki.

Sahau kushoto na kulia. Bawaba iwe upande jua linakotua, boliti upande linakochomoza. Ukingo wa mashariki ndio unaopanda. Sheria hii haijali uko Tabora au Tromsø kule Norwei.

1 Juni: boliti

Bawaba iko magharibi, mstari wa chokaa upo, Hamisi yuko macho, na bado kuna nyuzi. Fupi, pikseli 11 hivi, lakini safari hii zimeelekea upande wa pili. Yaani sasa tunazipita nyota.

Nililaumu simu. Nikamlaumu Hamisi, nikamwomba radhi baadaye. Mwisho nikachukua rula na kuzungusha boliti mara 20 kamili: ilipanda milimita 25, siyo 20. Hatua ya milimita 1.25 ni ya M8. Nilirudi kwa fundi aliyeniuzia na kuulizia M6 yangu.

"M6 ziliisha. Nikakuwekea nene, si ndiyo imara zaidi?"

Ni imara kweli. Na ni asilimia 25 haraka zaidi, ambayo ukiizidisha kwa pikseli 45 unapata 11.25. Nilifurahi kuona kosa linalojieleza kwa hesabu kiasi hicho. Kuna njia mbili: ama usogeze boliti hadi milimita 285.7 kutoka kwenye bawaba, ama utafute M6. Ubao wangu haukuwa na upana huo. M6 niliipata duka la spea za baiskeli kwa 1,500, nikatoboa tundu jipya sentimita chache kando ya lile la zamani, umbali uleule.

Anayenakili kazi hii: usimwambie muuzaji unataka boliti ya ukubwa fulani. Nenda na rula, hesabu nyuzi za boliti.

28 Juni: nyota za duara

Usiku sita kati ya 21 na 27. Sasa nyota ni vidoti. Utaratibu umetulia na sitaurudia tena: ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi limebanwa hadi f/4, sekunde 30, picha 20. Fokasi naiharibu kidogo makusudi ili kila nyota itandae juu ya pikseli kadhaa, kwa sababu pikseli za kamera zina vichungi vya rangi, na nyota iliyochongoka inaweza kuangukia nyekundu ikaiacha kijani. Picha za giza 10, kifuniko kikiwa kwenye lenzi, ili baadaye kuondoa chenga za kamera yenyewe. Nyumbani programu ya Siril, ya bure, inazipanga na kuzijumlisha wakati napika chai.

Kisha RU Lupi inalinganishwa na nyota jirani ambazo mng'ao wake unajulikana. Orodha ya nyota hizo na ramani vinatolewa bure na AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911.

Asubuhi shangazi aliuliza, "Mlichokuwa mnakitafuta mmekiona?" Nikamwonyesha kidoti kwenye laptopu, nikamweleza kwamba ni nyota mtoto, haijafikia utu uzima. Akaitazama kwa muda.

"Na hiyo mikubwa iliyo pembeni ndiyo wazazi?"

Siyo, lakini sikupata jibu zuri zaidi.

5 Julai: tarakimu zisizoaminika

Usiku sita uliopita RU Lupi ilionekana imetulia kama maji ya mtungi. Tofauti ya juu kabisa ilikuwa 0.1. Kwa nyota ya aina hii hilo linatia shaka, siyo faraja.

Jaribio lililonifumbua macho ni rahisi na kila mtu alifanye siku ya kwanza: chukua nyota mbili za orodha, zisizobadilika, zenye tofauti inayojulikana, na uzipime mojawapo dhidi ya nyingine. Zangu zinatakiwa zitofautiane magnitudo 1.5. Mimi nilipata 0.8. Nyota hafifu zilikuwa zimebebwa juu na zenye nguvu zimekandamizwa.

Chanzo: nilikuwa nahifadhi JPG ili kuokoa nafasi kwenye kadi. JPG imetengenezwa ipendeze machoni. Kamera inainua sehemu zenye giza na kupunguza zenye mwanga kabla haijaandika faili, na mwanga ukiwa mara mbili tarakimu haiwi mara mbili. Inafaa kwa harusi. Kwa kupima nyota haifai hata kidogo. Picha mbichi, zile za CR2, hazijaguswa. Nimebadilisha, nikachukua pikseli za kijani peke yake, na zile nyota mbili zikanipa 1.47.

Usiku sita umetupwa. Bodaboda 36,000 zimekwenda na upepo. Naziandika kwa sababu nilipokuwa nasoma kazi za wengine kila mtu alikuwa na grafu safi, na mimi nikadhani ni Tabora tu ndiko mambo yanaharibika.

24 Julai: "imezimika!"

Naandika saa 5 usiku nikiwa bado Kwihara. RU Lupi ambayo juzi ilikuwa 10.8 leo ni 11.4. Hamisi amerudia kupima mara tatu. Imeporomoka magnitudo 0.6 kwa siku mbili, mwanga umepungua karibu nusu. Huenda wingu la vumbi kwenye diski limepita mbele yake, huenda gesi iliyokuwa inaangukia imekatika. Nyota za aina hii hufanya yote mawili. Nimemwamsha rafiki yangu kwa simu. Hakufurahi kama mimi.

27 Julai: haikuzimika

Nimekaa siku tatu na picha hizo, na nashukuru sikutuma kitu.

Niliporudi kuzitazama kwa macho badala ya tarakimu, niliona RU Lupi haiko katikati. Iko karibu na ukingo wa picha. Usiku ule Hamisi ndiye aliyeelekeza lenzi, na alishika Chi Lupi badala ya Eta. Zote mbili zinaonekana kwa jicho, zinakaribiana mng'ao, na Chi iko digrii 4 na kidogo kaskazini mwa RU Lupi. Kosa la kawaida kabisa. Mimi mwenyewe sikukagua.

Sasa, lenzi ya zamani haipitishi mwanga sawasawa. Katikati ni angavu, pembeni kunafifia. Nyota yangu ilikuwa imehamia kivulini, wakati nyota ya kulinganishia, ambayo niliichagua mwenyewe digrii mbili kaskazini kwa sababu tu ilikuwa nzuri kuipima, ilikuwa imesogea katikati kwenye mwanga. Moja imepunjwa, nyingine imeongezewa.

Dawa yake ni picha za usawazisho. Jioni, jua likishazama na anga bado lina weupe, unafunika lenzi kwa fulana nyeupe iliyonyooshwa bila kunjo na kupiga picha 15 za anga tupu, fokasi na f zikiwa zilezile za usiku. Picha hizo zinaonyesha ramani ya kivuli cha lenzi, kisha Siril inagawanya. Nilipofanya hivyo, ile 11.4 ikawa 10.9. Nyota ilikuwa imeshuka 0.1.

Hapa kuna jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko yote katika mradi huu. Ningekuwa napima nyota yenye adabu, inayopanda na kushuka kwa saa maalumu, kosa langu lingejitokeza lenyewe: ningesema huu siyo wakati wake. RU Lupi haina ratiba. Ikishuka ghafla, inawezekana. Ikipanda, inawezekana. Kila uzembe wangu unaweza kujificha nyuma ya tabia yake na nisijue.

Kwa hiyo kuanzia leo kila usiku napima nyota tatu: RU Lupi, ya kulinganishia, na ya tatu ambayo najua haibadiliki, naiita mlinzi. Zote ziko ndani ya digrii moja. Mlinzi akicheza zaidi ya 0.05, usiku wote unafutwa, hata kama RU Lupi imefanya maajabu. Hasa kama imefanya maajabu.

19 Agosti: saa za Kiswahili, na moshi

Usiku 11 safi tangu mlinzi aanze kazi, minne ilifutwa. RU Lupi imecheza kati ya 10.6 na 11.2. Kuna usiku mmoja ilipanda 0.3 tangu jana yake na mlinzi hakutikisika. Nimeipima mara nne. Iko vilevile.

Kosa la mwezi huu ni la daftari. Hamisi huandika saa kama tunavyosema: "saa 4:40". Mimi nilikuwa nahamishia kwenye kompyuta kama ilivyo, nikisahau kwamba vipimo vinataka saa ya dunia, UT. Saa 4:40 usiku kwetu ni 22:40 kwa saa ya Kizungu, na UT ni 19:40. Kwa mujibu wa jedwali langu tulikuwa tunapima nyota saa 1:40 asubuhi, jua limeshachomoza na shangazi anafagia uwanja. Nimeweka saa ya kamera kwenye UT. Sasa faili lenyewe lina muda sahihi, na Hamisi aendelee na saa zake.

Moshi: watu wameanza kuchoma mashamba na magharibi jioni kuna ukungu wa kahawia. Niliogopa. Lakini kwa kuwa nyota zote tatu ziko karibu, zinafifia pamoja na tofauti inabaki ileile. Nilichoongeza ni kutopima kitu kilicho chini ya digrii 25.

Jumla hadi leo: vifaa vyote, pamoja na boliti mbili, 637,000. Bodaboda safari 23, 138,000. Ni 775,000. Kamera ndiyo nusu. Mwenye kamera, betri na kadi tayari anaweza kuanza na chini ya laki mbili, ukiacha bodaboda.

7 Septemba: mwezi kupatwa

Kawaida wiki ya mwezi mpevu hatupigi. Leo mwezi umepatwa wote, kuanzia saa 2 na nusu usiku hadi saa 4 kasoro dakika 8, na kwa dakika hizo 80 tulipata anga la mwezi mwandamo katikati ya mwezi mpevu. Tulijipanga mapema: fulana mara jua lilipozama, Eta Lupi katikati (nimekagua mwenyewe), RU Lupi ikiwa digrii 39 na inashuka.

Mwanga ulipokata, Njia ya Maziwa ikajitokeza juu ya miembe kama mtu aliyevuta pazia. Kutoka msikitini tukasikia tangazo la sala ya kupatwa. Shangazi alitoa kiti nje na majirani wakaja, Wanyamwezi tumekusanyika kutazama mwezi umekuwa rangi ya tofali. Mimi macho yalikuwa kwenye kioo cha kamera.

Kati ya picha 40, sita zina nyuzi. Najua urefu wake bila kupima: pikseli 45. Hamisi alitoka chini ya meza kutazama mwezi. Sikumsema. Zilizobaki 34 zinatosha.

RU Lupi 10.9, mlinzi ametulia ndani ya 0.03. Ni kipimo bora cha msimu mzima.

"Imekua?" shangazi aliuliza wakati tunafungasha.

"Bado, shangazi. Ina mamilioni ya miaka mbele yake."

"Basi njooni mle kwanza."

4 Oktoba: kufunga

Giza likishaingia vizuri RU Lupi iko chini ya digrii 30 na moshi wote uko upande huo. Tumefunga. Vipimo 19 vyenye mlinzi mzima vimetumwa AAVSO.

Ubao uko stoo Kwihara, boliti imepakwa grisi na kuviringishiwa kitambaa. Lenzi iko kwenye kopo la maziwa lenye mchele mkavu chini, kwa ajili ya unyevu wa masika. Hamisi amekwenda kidato cha tano. Ninahitaji mtu wa kulala chini ya meza kuanzia mwishoni mwa Mei, au mota ya mzunguko mmoja kwa dakika, chochote kitakachopatikana kwa bei nafuu.